TANURI LA WAFIPA NA KIKAPU CHA DAWA: CHUMA, ELIMU NA TAUHIDI



Shukrani zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, kila ninapoandika kuhusu sihiri na ushirikina, hakosi mtu wa kuniandikia kwa mzaha: "Sheikh, hayo kawaambie watu wa Sumbawanga." Wengine wanacheka, wengine wanaongeza yao. Nimeliacha jambo hili muda mrefu, leo nataka tulizungumze kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna madhambi mawili. La kwanza ni kuidhihaki jamii nzima, na Allah (S.W) ametukataza katika Suratul Hujurat, aya ya 11 na ya 12, watu wasiwadharau watu wengine, na tujiepushe na dhana nyingi. La pili ni kuzika historia ya elimu kubwa iliyokuwa katika nchi ile, elimu ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia.

Halafu angalieni maajabu. Wenyeji wa pale hueleza kwamba jina Sumbawanga linatokana na maneno ya Kifipa yenye maana ya "tupa uchawi". Mji ambao jina lake linamwamuru mgeni aache uchawi wake nje, ndio sisi tumeufanya kichekesho cha uchawi!

Basi someni mpaka mwisho.

1. NCHI YA MALUNGU

Uwanda wa Ufipa uko juu, katikati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Ni nchi ya baridi, ya nyasi na upepo. Karne ya 19 palikuwa na falme mbili za Wafipa, Nkansi na Lyangalile. Wilaya ya Nkasi ya leo inabeba jina la ule wa kwanza.

Ukitembea vijijini katika nchi hiyo unaweza kukuta mnara wa udongo umesimama peke yake porini, mrefu kumzidi mtu, umemomonyoka kwa mvua, na chini yake matundu mengi kuuzunguka. Mpita njia huenda akadhani ni kichuguu. Sicho. Hilo ni tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma. Wafipa waliliita ilungu, na yakiwa mengi ni malungu. Mengine yalifika kimo cha mita 3 hivi. Pembeni yake utaona yametapakaa mavi ya chuma, yale mabaki meusi mazito yanayofanana na lami iliyoganda.

Wataalamu wa mambo ya kale wameyachunguza. Profesa Bertram Mapunda, Mtanzania aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifanya utafiti wake wa shahada ya uzamivu juu ya ufuaji chuma wa kusini magharibi mwa Tanzania, akaukamilisha mwaka 1995. Alionyesha kuwa katika eneo la Nkasi pekee palikuwa na mbinu zaidi ya moja ya kuyeyusha chuma. Palikuwa na malungu haya marefu, na palikuwa na matanuri mafupi yanayoitwa katukutu. Maana yake, wale hawakuwa watu waliobahatisha jambo moja wakalikariri. Nchi moja ilikuwa na mafundi wa namna tofauti, kila mmoja na njia yake.

Walikuwa wanatengeneza nini? Zaidi ya yote, jembe. Mfipa analima kwa kukata majani na udongo na kuyafunika katika matuta makubwa ya mviringo, majani yaoze yawe mbolea. Kazi hiyo haifanyiki kwa kijiti, inataka jembe zito la chuma. Jembe hilo hilo lilikuwa mali ya biashara, na lilitolewa kuwa mahari.

Hapo kwenye mahari nikakumbuka hadithi ya Sahl bin Sa'd (R.A) katika Sahihi Bukhari na Muslim, ya yule mtu masikini aliyetaka kuoa na hana kitu, Mtume (S.A.W) akamtuma akatafute japo pete ya chuma. Watu wawili wa nchi mbili zilizo mbali sana, na chuma kwao wote ni kitu cha kumheshimu mwanamke.

2. KILICHOKUWA KINATENDEKA NDANI YA TANURI

Hapa naomba subira yenu kidogo, hasa nyinyi vijana mliokimbia somo la kemia. Mtaona ukubwa wa Muumba katika jambo dogo.

Jiwe la chuma si chuma. Ni chuma kilichofungwa pamoja na oksijeni. Ni ndugu wa kutu unayoiona kwenye bati la nyumba yako. Atomi ya chuma imetoa elektroni zake, atomi ya oksijeni imezipokea. Aliyetoa anabaki na chaji chanya, aliyepokea anapata chaji hasi, na hizo mbili zinavutana kwa nguvu. Wataalamu wanakiita kifungo cha ioni. Ndiyo maana unaweza kulipiga jiwe lile kwa nyundo siku nzima, utapata vumbi jekundu tu, hutapata kisu. Katika kilo 10 za madini safi ya hematiti mna chuma karibu kilo 7, lakini kimefungwa.

Nani atakifungua? Mkaa.

Mafundi walipanga mkaa na mawe ndani ya ilungu, tabaka juu ya tabaka, wakawasha. Mkaa ukiungua katika hewa kidogo hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Ndani ya gesi hii kaboni na oksijeni zinashirikiana elektroni, kila mmoja anachangia. Hicho ni kifungo cha pili, cha kushirikiana. Na gesi hii, kwenye joto kali, ina uchu wa oksijeni. Inapopita kati ya mawe inaichukua oksijeni ya madini na kuondoka nayo juu kwenye moshi. Chuma kinabaki peke yake. (Na hii ndiyo gesi inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Haina harufu. Watu wa nyanda za baridi, Ufipa, Njombe, Makete, tafadhali toeni jiko nje kabla ya kulala.)

Kikibaki peke yake, atomi za chuma zinafungamana kwa njia ya tatu. Kila atomi inaachia baadhi ya elektroni zake ziwe za wote, zinazunguka huku na huku kama maji yanayopita kati ya mawe ya mto. Hakuna anayesema hizi ni zangu. Kwa sababu hiyo ukikipiga chuma, safu za atomi zinateleza bila kuachana, nacho kinatanuka badala ya kupasuka. Ndiyo siri ya kufulika. Kwa sababu hiyo hiyo umeme unapita ndani ya waya, na mpini wa sufuria unakuunguza mkono.

Vifungo vitatu, ndani ya tanuri moja la udongo. Subhanallah.

3. KWA NINI LIWE REFU?

Hapa ndipo akili ya Mfipa inapotushangaza. Sehemu nyingi duniani mafundi walitumia mivukuto kupuliza moto, kazi ya kuchosha kwelikweli. Ilungu halikuhitaji mtu wa kupuliza. Hewa yenye joto ni nyepesi, inapanda. Ikipanda ndani ya mnara mrefu inavuta hewa baridi iingie kwa nguvu kupitia yale matundu ya chini. Tanuri lenyewe linapumua. Likishawashwa liliachwa liungue usiku na mchana, na mafundi wakabaki kulichunga.

Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,538. Matanuri ya namna hii hayakuhitaji kufika huko. Mchanga na uchafu wa mawe huyeyuka mapema zaidi, karibu nyuzi 1,200, ukachuruzika kuwa mavi ya chuma, na chuma kikabaki kama sponji nzito yenye matundu. Kisha Wafipa walikuwa na hatua ya pili. Walikivunja chuma kile vipande, wakakitia katika tanuri dogo waliloliita kintengwe, na hapa sasa walitumia mivukuto. Kikasafishwa tena. Baada ya hapo ndipo mhunzi akakipokea kwenye fuawe akakifua jembe, shoka, kisu au mkuki.

Sasa mwambie mtu anayesema babu zetu hawakujua kitu aje akujengee tanuri linalopumua lenyewe.

4. CHUMA, PUA NA DHAHABU YA MAMA

Mkaa ulifanya kazi nyingine kimya kimya. Chembe chache za kaboni ziliingia katikati ya atomi za chuma. Zikikaa pale zinazizuia safu zisiteleze kirahisi, na chuma kinakuwa kigumu. Kaboni isiyofika sehemu 2 katika 100 inatosha kukigeuza chuma laini kuwa pua, au kama wazee wa pwani walivyozoea kusema katika mapanga, feleji. Kaboni ikizidi sana, kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama chungu. Kila kitu kwa kipimo.

Mchanganyiko wa namna hii unaitwa aloi. Kijiko chako kisichoshika kutu ni chuma kilichotiwa kromiamu. Kengele na sanamu za kale ni shaba iliyotiwa bati. Na kidani cha mama yako si dhahabu tupu, kwa kuwa dhahabu tupu ni laini mno, sonara anaichanganya na shaba au fedha. Dhahabu ya karati 24 ndiyo safi, ya karati 18 ina sehemu 75 katika 100 tu.

Elimu hii ina matumizi katika dini yako leo hii. Nisabu ya zaka ya dhahabu ni gramu 85 za dhahabu safi. Mama mwenye gramu 100 za karati 18, dhahabu safi aliyonayo ni gramu 75. Hajafika nisabu kwa hizo peke yake. Mwenye gramu 100 za karati 22 ana karibu gramu 92, huyo amefika. (Na khilafu ya wanazuoni juu ya mapambo yanayovaliwa inajulikana, muulize mwalimu wako.) Unaona? Asiyejua aloi anaweza kukosea katika nguzo ya dini.

5. QUR'ANI IMEKIPA CHUMA SURA

Sura ya 57 inaitwa Al-Hadid, yaani Chuma. Katika aya yake ya 25 Allah (S.W) anakitaja kuwa ameteremsha chuma, chenye nguvu kali na manufaa kwa watu. Nguvu na manufaa vimetajwa pamoja, maana chuma hicho hicho ni upanga na ni jembe.

Wapo wanaolichukua neno "kuteremsha" wakasema ni muujiza wa kisayansi, kwa kuwa chuma kilifanyika ndani ya nyota kabla ya kufika duniani. Ni kweli chuma hufanyika ndani ya nyota kubwa. Lakini tuwe waangalifu, ndugu zangu. Neno hilo hilo limetumika kwa wanyama wa mifugo katika Suratuz Zumar, aya ya 6, na kwa mavazi katika Suratul A'raf, aya ya 26. Wafasiri wengi wamelielewa kwa maana ya kuumba na kuneemesha. Qur'ani haihitaji tuisukume. Inatosha kuwa kweli kama ilivyo.

Nabii Daud (A.S) alilainishiwa chuma, akafundishwa kutengeneza deraa na kupima pete zake vizuri (Suratu Saba', aya ya 10 na 11). Nabii, mfalme, na fundi chuma! Na katika Sahihi Bukhari, Mtume (S.A.W) alipotaja kuwa hakuna chakula bora kuliko kile mtu alichokichuma kwa mikono yake, mfano alioutoa ni Daud. Dhulqarnayn katika Suratul Kahf, aya ya 96, alijaza vipande vya chuma kati ya milima miwili, akaamuru wavukute mpaka kikawa moto, kisha akamimina juu yake madini yaliyoyeyuka, ambayo wafasiri wengi wamesema ni shaba.

Maswahaba je? Khabbab bin Al-Arat (R.A) alikuwa mhunzi wa mapanga Makka. Alimfanyia kazi Al-As bin Wail, naye Al-As akamnyima ujira wake mpaka amkufuru Muhammad, Khabbab akakataa, na aya za 77 mpaka 80 za Suratu Maryam zikateremka. Na Ibrahim, mtoto wa Mtume wetu (S.A.W), alinyonyeshwa katika nyumba ya mhunzi wa Madina aitwaye Abu Sayf. Anas (R.A) anasimulia kuwa Mtume alikuwa akienda kumwona mwanawe, na nyumba imejaa moshi wa kazi, Anas akawa anatangulia kumwambia Abu Sayf asimamishe mvukuto. Mtoto wa Mtume alilelewa ndani ya moshi wa mhunzi. Sasa wewe unamdharau kijana wa kuchomelea mageti kwa sababu ya nguo zake nyeusi?

6. KIKAPU CHA DAWA

Sasa tufike kwenye lililo zito. Sitalificha, kwa sababu anayefundisha historia akaficha nusu yake amedanganya.

Kazi ya ilungu kwa Wafipa haikuwa ya tanuri tupu. Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa, mna mizizi, magome na vitu vingine, na vilitumika wakati wa kujenga na kuwasha. Tanuri lilifanywa kama bi harusi, likapambwa, na chuma kikawa kama mtoto anayezaliwa. Mafundi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe. Kukiwa na kasoro, waliona kuna mwiko umevunjwa.

Tauhidi inasemaje? Inasema wazi kwamba manufaa na madhara yako mikononi mwa Allah, na kuegemeza moyo kwenye dawa na hirizi ni ushirikina. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Uqbah bin Amir (R.A) onyo kali la Mtume (S.A.W) juu ya mwenye kutundika hirizi. Hilo halina mjadala.

Lakini hapa pana makosa mawili, moja kulia na moja kushoto.

Kosa la kwanza ni la wale waliodhani kikapu ndicho kinachotoa chuma. Sicho. Chuma kilitoka kwa sababu Allah ameweka kanuni katika viumbe vyake: kaboni ikikutana na oksijeni ya jiwe katika joto lile, itaichukua. Inaichukua kwa Mfipa, kwa Mjerumani, kwa Mwislamu na kwa asiye Mwislamu. Mwenye kikapu na asiye na kikapu, tanuri likiwa limejengwa sawa, mkaa ukiwa wa kutosha, chuma kitatoka.

Kosa la pili ni letu sisi. Tukishaona kikapu, tunasema yote yale ni uchawi, tunatupa kila kitu. Ndugu yangu, mchukulie Mtume wako kuwa kiigizo. Katika Sahihi Muslim, watu wa Madina walipokuwa wakipandishia mitende, aliwaachia mambo ya dunia yao wanayoyajua zaidi. Elimu ya mtende haikuwa ibada, na elimu ya tanuri si ibada. Ondoa shirki, bakiza ujuzi.

Sasa angalieni kilichotokea. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yaliingia, rahisi na mengi. Utawala wa Wajerumani, kisha wa Waingereza, ulileta kodi na kazi mpya. Watu wakaingia katika dini, wengi Ukristo kupitia wamisionari, na wengine Uislamu kupitia njia za biashara za Ziwa Tanganyika, Kirando na Kasanga. Miongo michache ya karne ya 20, malungu yakazimika. Sababu kubwa ni ya bei, sikatai. Lakini naona na sababu nyingine: ujuzi ulikuwa umefungwa ndani ya kikapu, mikononi mwa wachache, kama siri. Kikapu kilipotupwa, tanuri likatupwa nacho. Hakuna aliyekaa akasema, hebu tutenganishe.

Elimu iliyoandikwa na kufundishwa haifi namna hiyo. Al-Kindi aliandika risala kuhusu mapanga na aina za vyuma. Al-Biruni aliandika juu ya madini na vito. Al-Idrisi, katika kitabu chake alichokimaliza mwaka 1154, alitaja chuma cha pwani yetu hii ya Zanj, na Malindi ni miongoni mwa miji aliyoitaja. Tunawasoma mpaka leo. Fundi wa Nkansi aliyebuni tanuri linalopumua, hata jina lake hatulijui.

7. TUFANYE NINI?

Kwanza, acheni dhihaka juu ya Sumbawanga na sehemu yoyote. Maneno hayo si mzaha mtupu. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na kila mauaji ya namna hiyo yalianza na ulimi wa mtu.

Pili, wewe fundi chuma, fundi gereji, sonara, mchomeleaji: kazi yako ina nasaba na Daud na Khabbab. Usitundike kitu juu ya mlango wa karakana kuleta wateja. Sema Bismillah, pima vizuri, timiza ahadi ya siku uliyosema. Hiyo ndiyo dawa ya biashara. Na usinunue chuma chakavu unachojua kimeng'olewa kwenye daraja au alama ya barabarani, wala waya wa shaba uliokatwa kwenye transfoma. Hiyo ni mali ya umma, na damu ya abiria iko juu yake.

Tatu, fundisheni. Mzee mwenye ujuzi wowote, awe wa chuma, wa jahazi au wa mitishamba isiyo na shirki, amkalishe kijana amwonyeshe, na kijana aandike. Walimu wa madrasa, kipindi kimoja kwa mwezi waambieni watoto habari ya chuma. Aya ya 25 ya Al-Hadid inatosha kuwa mlango.

Mtume (S.A.W) alifananisha maradhi ya muumini na mvukuto, kwamba homa inaondoa makosa kama mvukuto unavyoondoa uchafu wa chuma. Fundi wa Ufipa angeuelewa mfano huu upesi kuliko sisi. Alikuwa anaona kila siku mavi ya chuma yakichuruzika chini, na kilicho bora kikibaki.

Ewe Mola wetu, tusafishe kama chuma kinavyosafishwa, tuondolee shirki iliyo dhahiri na iliyojificha, utupe elimu yenye manufaa, na uwabariki wanaokula kwa jasho la mikono yao. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Ukinufaika, mfikishie na mwenzako, hasa fundi.